Kukusanya bunduki za Arisaka: jinsi ya kujua kifaa cha asili na cha kupachikwa

Bunduki ya Kijapani ya Vita Kuu ya Pili humchanganya mkusanyaji mgeni. Yenye vifaa vyote inaweza kuwa imeungwaungwa juzi na muuzaji, na ile iliyopungukiwa nusu ya vifaa ikawa vilevile ilivyotoka kiwandani mwaka 1945. Ndiyo maana swali la kwanza si "je, kifaa hiki ni cha asili?" Swali ni "bunduki hii ilitengenezwa wapi, na lini?" Ukipata jibu la hilo, mengine yanajipanga yenyewe.

Mwongozo huu ni wa Waswahili walioko kwenye nchi ambako silaha hizi zinauzwa kihalali, hasa Marekani na Kanada. Huko ziko nyingi kwa sababu askari walirudi nazo kama nyara. Hata hivyo si historia ya watu wa mbali tu. Vijana wa Keya (jeshi la King's African Rifles) waliopelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, wakapambana katika Bonde la Kabaw mpaka Kalewa, walikabiliana na mitutu hii hii.

Hatua ya 1: Sheria kabla ya pesa

Ukiwa Marekani, angalia kwanza hali yako ya uhamiaji. Sheria ya shirikisho kwa ujumla inamkataza mtu mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, kumiliki bunduki, isipokuwa kwa masharti machache. Mwenye ukazi wa kudumu anaruhusiwa, lakini kila jimbo lina yake ya kuongeza. Kuna leseni maalumu ya mkusanyaji inayotolewa na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kwa silaha za miaka 50 na zaidi. Wanaonunua mara kwa mara huipenda kwa sababu bunduki ya kale inaweza kuletwa hadi mlangoni bila kupitia duka. Kanada utahitaji leseni ya kumiliki silaha, na Uingereza cheti cha polisi, au ununue iliyolemazwa kisheria isiweze kufyatua tena.

Nyumbani ni habari nyingine. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Usifikirie kabisa kumtumia mjomba bunduki ya ukumbusho ndani ya kontena. Hata Japani kwenyewe raia hawezi kukaa na Arisaka sebuleni.

Hatua ya 2: Hakikisha ni tupu, kisha toa komeo

Inua mkono wa komeo (wengi huliita bolti), livute nyuma hadi mwisho, angalia chemba kwa tochi, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe. Fanya hivyo hata kama muuzaji ameapa. Halafu vuta kwa nje kile kibao cha chuma kilicho upande wa kushoto nyuma, na komeo litatoka lote. Komeo la Arisaka ni rahisi ajabu kulifungua. Unabonyeza kifundo cha usalama kwa kiganja, unakizungusha, na kifundo, springi na pini vinatoka bila bisibisi wala nyundo. Vilaze vyote juu ya kitambaa cheupe, utavihitaji katika hatua ya 6.

Hatua ya 3: Soma aina yake

Juu ya risiva, yaani kile chuma kinachobeba mtutu na komeo, kuna maandishi ya Kijapani yaliyopangwa kutoka juu kwenda chini. Huhitaji kujua Kijapani. Kariri maumbo machache tu:

三八式 ni Aina ya 38. Mistari mitatu ya mlalo, kisha miwili inayoachana kama paa la nyumba lisilofungwa kileleni.
四四式 ni Aina ya 44, bunduki fupi ya askari wapanda farasi, yenye singe inayokunjwa chini ya mtutu.
九九式 ni Aina ya 99. Umbo moja limerudiwa mara mbili.
九七式 ni Aina ya 97, ya mdunguzi.

Aina ya 38 imeitwa hivyo kwa mwaka wa 38 wa utawala wa Meiji, ambao ni 1905. Aina ya 99 imefuata kalenda ya kifalme ya Japani, mwaka 2599, yaani 1939. Jina la Arisaka linatokana na Kanali Arisaka Nariakira, aliyesimamia Aina ya 30 ya mwaka 1897. Nambu Kijirō ndiye aliyeiboresha ikawa 38.

Maandishi yakiwa yamefutika, tumia macho na rula. Aina ya 38 ndefu ina karibu sentimita 128 kutoka kitako hadi mdomo. Ni ndefu kiasi kwamba ukiiona ukutani miongoni mwa nyingine utaijua tu. Inatumia risasi ya milimita 6.5. Aina ya 99 ya kawaida ina karibu sentimita 112 na risasi ya milimita 7.7. Juu ya risiva ya 38 kuna vitundu viwili vya kutolea gesi, na ya 99 ina kimoja. Kwa hiyo ukionyeshwa "38" yenye kitundu kimoja, uliza maswali zaidi kabla ya kutoa pochi.

Hatua ya 4: Ua la mfalme

Juu ya maandishi hayo kulikuwa na ua la krisanthemamu lenye petali 16, alama ya kwamba bunduki ni mali ya mfalme. Zilipokabidhiwa baada ya Japani kusalimu amri mwaka 1945, nyingi zilisuguliwa ua hilo likafutika. Ua zima kwa kawaida huashiria bunduki iliyotekwa vitani, au iliyosalimishwa nje ya visiwa vikuu vya Japani, ambako usuguaji haukufanyika kila mahali. Ua lililosuguliwa halimaanishi bunduki mbovu. Ni sehemu ya historia yake, ila bei yake iko chini.

Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayowatia watu tamaa. Wapo wanaopiga ua jipya juu ya chuma kilichosuguliwa. Weka rula nyembamba juu ya mviringo wa risiva na uangalie mwanga chini yake. Palipowahi kusuguliwa huwa bapa au pana kibonde. Linganisha pia rangi ya chuma: kama eneo la ua ni jeusi na jipya huku kuzunguka kwake pamechakaa, muuzaji ana la kueleza. Ua la kiwandani lina petali zilizozama sawasawa na kingo kali, isipokuwa zile za mwisho wa vita, ambazo hata kiwandani zilipigwa ovyo.

Hatua ya 5: Kiwanda na mfuatano, ubavu wa kushoto

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Ubavuni kushoto mwa risiva utakuta vitu vitatu vilivyofuatana: herufi ndogo ya Kijapani ndani ya duara, namba ya bunduki kwa tarakimu za kawaida tunazozijua, na alama ya kiwanda.

Alama ya duara nne zilizopandana, mfano wa rundo la risasi za mizinga, ni ya Tokyo (Koishikawa) na baadaye Kokura. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 utengenezaji ulihamishiwa Kokura, na alama ikaenda nao. Alama inayofanana na namba 8 iliyofungwa ndani ya duara ni ya Nagoya. Kulikuwa pia na Jinsen, ambayo leo ni Incheon ya Korea Kusini, na Mukden huko Manchuria. Kampuni binafsi nazo zilipewa kazi chini ya usimamizi wa viwanda vya jeshi, na zilipiga alama yao kando ya ile ya msimamizi. Toyo Kogyo wa Hiroshima ndio leo Mazda wa magari, na Tokyo Juki ndio JUKI wa cherehani. Fundi cherehani wa Kariakoo akisikia hilo atacheka.

Ile herufi ndani ya duara inaonyesha mfuatano. Namba zilipofika 99,999 zilianza upya, na herufi ikabadilika kwa mpangilio wa iroha, ule wa zamani wa Kijapani: i, ro, ha, ni, ho, na kuendelea. Kwa Aina ya 99, Kokura walipewa mfuatano wa 20 hadi 25 (yaani herufi ya 20 hadi ya 25 katika mpangilio huo), Toyo Kogyo 30 hadi 35, Jinsen wa 40. Nagoya walianza bila herufi kabisa, kisha wakaenda kwa namba ndogo. Maana yake ni kwamba herufi moja inakwambia ni kiwanda gani na ni mapema au mwishoni mwa vita. Kokura ya 20 ni ya mwanzo na nzuri. Kokura ya 25 imetengenezwa nchi ikiwa imeishiwa.

Aina ya 38 za zamani za Tokyo hazina herufi. Namba zake zinaenda tu, mpaka zinapita milioni. Usidhani imefutwa.

Hatua ya 6: Namba za vifaa vidogo

Rudi kwenye kitambaa chako cheupe. Kwa kawaida tarakimu tatu za mwisho za namba ya bunduki zilipigwa kwenye mzizi wa mkono wa komeo, kwenye pini, kwenye ndoana ya kutolea ganda na kwenye kifundo cha usalama. Bunduki ikiwa 48217, tafuta 217. Lenzi ndogo na mwanga wa kutoka ubavuni vitakusaidia kuliko macho makali.

Wengi hukwama wanapofika kwenye mkono wa fyatulio, kifuniko cha chini cha magazini na pete za mtutu. Wanakuta namba nyingine kabisa na kusema "haioani". Hizo ni namba za kuunganishia. Fundi kiwandani alizipiga ili vifaa alivyovipimia pamoja visichanganyike kabla bunduki haijapewa namba yake. Zinatakiwa kuoana zenyewe kwa zenyewe, si kuoana na namba ya ubavuni. Baadhi ya viwanda kwa vipindi fulani viliitumia namba hiyo hata kwenye komeo. Kwa hiyo komeo lisilofanana na ubavu, lakini ambalo sehemu zake zote zina namba moja, lisikukatishe tamaa. Toa ubao, angalia chini ya risiva kama namba hiyo ipo.

Komeo la bunduki nyingine kabisa ni jambo la kawaida sana, maana silaha zilipokusanywa na kusafirishwa makomeo mara nyingi yaliwekwa kando. Bei inashuka, na usalama unahitaji kupimwa, nitakuja huko.

Kifuniko cha vumbi, kile kibati chepesi kinachoteleza pamoja na komeo, nacho kilikuwa na namba. Askari wengi walikitupa kwa sababu ya kelele zake, na vya kuiga vipo tele sokoni. Kibati kinachong'aa, kisicho na namba, kilichowekwa juu ya bunduki iliyochakaa: lipa bei ya bunduki, usilipie kibati.

Hatua ya 7: Pima kila kifaa kwa wakati wake

Aina ya 99 ya mwanzo ilikuwa imepambwa. Mtutu umepakwa kromu ndani. Kilengeo cha nyuma ni ngazi inayosimama, yenye mabawa mawili ya kukunja kwa ajili ya kulenga ndege, ambayo kwa maoni yangu yaliwapa askari moyo zaidi kuliko yalivyoangusha ndege. Chini kuna mguu mmoja wa waya. Mkono wa komeo una kichwa cha umbo la yai, kitako kina bamba la chuma, kilengeo cha mbele kina masikio ya kukikinga, na kifundo cha usalama kimechorwa mistari safi.

Kuanzia mwaka 1943 vitu vikaanza kupukutika kimoja kimoja: mguu wa waya, mabawa, kifuniko cha vumbi, kromu. Kufikia 1945 kilengeo kimekuwa tundu moja lisilopanda wala kushuka, kichwa cha komeo kimekuwa kama kipande cha bomba, bamba la kitako ni ubao uliopigwa misumari, kifundo cha usalama kina alama za kulehemu na hakijasuguliwa, na chuma chote kimejaa makovu ya mashine. Mkanda wa ngozi ukawa wa turubai lililopakwa mpira.

Sasa fikiria Nagoya ya mfuatano wa mwisho mbele yako, ina mguu wa waya na mabawa ya ndege. Mgeni anasema "kamili!" Mwenye kujua anasema vimepachikwa. Na kinyume chake: Kokura ya 20 yenye bamba la ubao kwenye kitako imebadilishwa kifaa mahali fulani. Kipindi cha katikati ndicho kigumu, kwa sababu kiwanda hakikusimamisha kazi siku moja kikabadili kila kitu. Walimaliza vilivyokuwa kwenye sanduku kwanza. Hapo utakuta mchanganyiko wa halali, na kinga yako ni kutazama nyingi za mfuatano uleule kabla ya kutoa hukumu.

Basi usinunue mguu wa waya "kukamilisha" bunduki ambayo haikuzaliwa nao. Hilo ndilo kosa linaloharibu bunduki nyingi za Arisaka, na linafanywa na watu wenye nia njema.

Bunduki za mdunguzi nitazigusa kidogo tu, maana bei yake ni kubwa na ulaghai ni mwingi. Aina ya 97 imeandikwa hivyo juu ya risiva, lakini 99 ya mdunguzi imeandikwa 九九式 kama ndugu zake wote. Darubini hukaa upande wa kushoto ili risasi ziweze kuingizwa kutoka juu, na ilipewa namba kuendana na bunduki yake. Bila mtu mzoefu kando yako, iache.

Hatua ya 8: Mbao

Geuza kitako. Utaona mstari wa kiungo ambapo kipande cha chini kimeunganishwa na cha juu. Haikuvunjika! Ndivyo zilivyotengenezwa, kitako cha vipande viwili vilivyofumwa, ili kuokoa mbao na kuongeza nguvu. Bunduki nyingi zimejazwa gundi mpya na watu waliodhani wanatengeneza ufa.

Rangi ya mbao ilitokana na urushi, utomvu wa mti wa Kiasia wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Yeyote aliyewahi kuchubuliwa midomo na ganda la korosho bichi anaelewa kwa nini utomvu huo ukiwa mbichi unawasha ngozi. Ukishakauka ni mgumu na unadumu miongo mingi. Usiuguse kwa msasa. Usipake vanishi, wala mafuta ya kitani. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, basi. Ubao uliosuguliwa unajulikana mara moja: unakaa chini ya kiwango cha chuma kilichopakana nao, na herufi ndogo zilizopigwa kwenye mbao zimefifia au hazipo.

Wakati mwingine utakuta maandishi ya Kijapani kwenye kitako, mara nyingi yanahusu shule ambako bunduki ilitumika kwa gwaride la wanafunzi. Yaache yalivyo.

Hatua ya 9: Kabla hujafikiria kuipiga

Nguvu ya komeo la Aina ya 38 inasifiwa sana. Fundi wa Marekani P. O. Ackley aliyajaribu makomeo ya kijeshi kwa kuyajaza baruti mpaka yapasuke, na Arisaka ilistahimili kuliko nyingine. Sifa hiyo imewaponza watu, kwa sababu si kila kinachofanana na Arisaka ni Arisaka.

Bunduki za mazoezi za shule zilitengenezwa kwa chuma dhaifu cha kumimina, kwa risasi tupu za kelele. Dalili kuu: mtutu ni laini ndani, hauna mifereji ya kuzungusha risasi, na mkia wa chuma unaopita juu ya shingo ya kitako umemiminwa pamoja na risiva. Kwenye bunduki halisi mkia huo ni kipande cha peke yake. Hizi hazipigwi hata siku moja. Kuna pia 99 za jeshi la majini zenye alama ya nanga na risiva ya chuma cha kumimina. Ni za kuvutia kukusanya, lakini ziache ukutani.

Halafu kuna zilizobadilishwa chemba. Baada ya vita Wamarekani wengi walikosa risasi za Kijapani, wakapanua chemba za 99 zipokee risasi ya Kimarekani ya .30-06, na za 38 zipokee risasi iliyotokana na .257 Roberts. Kwa nje hazionyeshi kitu, isipokuwa pengine ukingo wa mbele wa magazini uliokatwa. Mpe fundi wa silaha apime chemba kwa kuimiminia metali maalumu inayoyeyuka kwa joto dogo, na apime kwa geji nafasi kati ya komeo na risasi, hasa namba zisipooana.

Hatua ya 10: Karatasi, picha na kabati

Nyara nyingi ziliambatana na karatasi iliyosainiwa na ofisa, ikimruhusu askari kwenda nayo nyumbani. Karatasi yenye namba ileile ya bunduki ni mali, na kwa hiyo nazo zinaghushiwa. Angalia kama namba imeandikwa kwa wino uleule wa maneno mengine.

Ukinunua, piga picha siku hiyohiyo kabla ya kufungua skrubu yoyote: ua, ubavu wa kushoto, kila namba ndogo, kitako pande zote mbili. Andika umenunua kwa nani na kwa bei gani. Bisibisi iwe ile inayojaza mfereji wa skrubu sawasawa, maana kichwa kilichochubuka hakirudi. Chuma kipakwe mafuta mepesi. Singe ya Aina ya 30 ihifadhiwe nje ya ala ya ngozi, na bunduki isilale ndani ya mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kutu huanza upande usiouona. Kifaa chochote ulichokibadilisha, hata kama ni kibovu, kifungie kwenye mfuko wenye namba ya bunduki na kikae nayo kabatini, ili atakayeinunua kwako apate vyote viwili.